Kuku, Mwambie Mchoraji

Hasina alinipigia simu Alhamisi mchana, nikiwa na sare ya shule chini ya sindano ya cherehani, na hakunizungusha.

"Bi Wayua, sehemu ya kwanza nimeisoma. Michoro ni mizuri mno. Ndila nampenda. Mumewe nampenda. Hata yule joka aliyeumeza mto nampenda. Lakini mama yake Ndila simwamini. Ni sanamu."

"Sanamu vipi?"

"Anataka nini?"

"Anampenda mwanawe."

"Kila mama anampenda mwanawe, hilo halinitoshi. Nataka kujua anataka nini asubuhi ile binti yake anapofunga safari. Anaogopa nini. Na anafanya nini, hata nikamjua bila yeye kunieleza. Nafasi yenu naishikilia hadi Jumatatu. Baada ya hapo kuna kijana mwingine anaingoja."

Hasina ni mhariri. Ana jarida la mtandaoni la manga, zile hadithi za michoro walizotufundisha Wajapani, zinazosomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Familia yake ilitoka pwani zamani ikaja kufanya biashara Kitui mjini, na Kiswahili chake ni kile cha kwao. Ukizungumza naye unajikuta unanyoosha sentensi zako kama mtu anayefunga vifungo vya shati mbele ya mwalimu mkuu. Huwa nampenda. Siku hiyo sikumpenda hata kidogo.

Mimi naandika, mume wangu Kyule anachora. Hiyo ndiyo kazi yetu ya moyoni. Ya tumboni ni nyingine: mimi nashona sare hapa Migwani, na yeye anachora mabango ya maduka. Ukiona ng'ombe anayetabasamu kwenye ukuta wa bucha, kuanzia kwetu hadi soko la Tulia, huyo ni wake. Lakini tangu akiwa shuleni alichotaka ni manga, na tulikuwa tumeshakataliwa na kila mtu aliyekuwa na nafasi ya kutukataa. Aliniambia mwezi uliopita, kwa ile sauti yake ya chini, kwamba hii nayo ikirudi ataiweka kalamu ya wino chini, abaki na ng'ombe wake. Hakusema kwa hasira. Kyule hana hasira, hasira za nyumba nzima ninazo mimi. Ndiyo maana niliogopa. Mwanamume anayeacha kitu kwa hasira kesho atakirudia, lakini anayekiacha kwa upole ameondoka.

Kwa hiyo, kwa kuwa niliogopa, nikamfokea.

"Kosa ni lako! Mama wa watu umemchora kama picha ya kitambulisho!"

"Si ndiyo picha uliniletea," alisema, bila kuinua kichwa kutoka kwenye karatasi.

Kweli nilimletea. Tulipoamua kumpa Ndila mama, nilitaka awe na uso wa mama yangu, Kalondu, nikampa Kyule picha ya siku ya harusi yetu. Shida ni kwamba mama yangu mbele ya kamera husimama kama mtu anayengoja kuchukuliwa alama za vidole. Nina picha zake nyingi na zote ni hiyo moja.

"Basi ongeza kitu. Mtie uhai."

"Wayua, uhai nitautoa wapi? Mimi sijawahi muona."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Kwetu Ukambani, kati ya mwanamume na mama wa mke wake kuna nthoni, heshima yenye mipaka. Hawatazamani usoni, hawashikani mikono, hawali mezani pamoja, hawaitani majina. Wakikutana njiani mmoja anashuka kwenye tuta mwenzake apite. Wengi siku hizi wameilegeza, na vijana wa mjini wameitupa kabisa, wanapiga selfi na mama mkwe mbele ya keki. Mama yangu hajalegeza hata uzi mmoja. Kyule naye alilelewa na nyanya yake, na nyanya yake hakuwa mtu wa keki. Miaka yote ya ndoa yetu, mume wangu alijua miguu ya mama yangu, pindo la sketi yake, mikono yake na sauti yake. Juu ya mabega hakumjua.

"Basi Jumamosi tunaenda Mbooni, kwa mama," nikasema. "Mimi nitamtazama, wewe utachora. Nitakusomea uso wake kama gazeti."

* * *

Boda boda ilitupandisha mlima ikilalamika, na kadiri tulivyopanda ndivyo baridi ilivyotuingia kwenye mikono ya shati. Mama alikuwa kwenye parachichi zake, juu kwenye matuta. Alipomwona Kyule akageuka akaanza kuchunguza tawi lisilokuwa na kitu. Kyule akatazama viatu vyake, akaenda moja kwa moja kwenye kiti chake, chini ya paa la ghala, akaupa mlango wa jikoni mgongo. Kila mtu pale kwetu anajua pa kukaa.

Mama ana njia yake ya kusema na mkwe. Wengine humtuma mtoto. Mama, kwa kuwa watoto wote tumeondoka, humtuma kuku. Alikuwa na kuku mmoja mwekundu asiye na mkia.

"Kuku," alisema aliposhuka jikoni, hata hatujavua makoti, "mwambie mgeni chai iko tayari. Mwambie asiache kikombe juani kama mara ile."

"Kuku," akajibu Kyule, akitazama chini, "mwambie nimeshukuru. Sitaacha."

Kuku akaendelea kudonoa mahindi. Ndege yule alikuwa amebeba habari nyingi za familia yetu kuliko simu yangu.

Nilimwekea mama bahasha ya kurasa mezani, nikaenda kumimina chai. Hilo halikuwa jambo la busara. Mama alivaa miwani, akafungua kurasa kutoka kushoto kama anavyofungua Biblia yake, na kwa hiyo ukurasa wa kwanza kuuona ukawa ule wa mwisho. Ni pale Ndila na mumewe, Mwau, wanapoondoka kwenda kumtafuta joka, na mama yake Ndila, machozi yakimtiririka, anamkumbatia mkwe wake.

"Kuku!" Sauti ilikuwa ya kuita watu kwenye msiba. "Mwambie mchoraji mimi nimeokoka kabla hajazaliwa, na sijawahi kumkumbatia mkwe wa mtu, wala wangu!"

Nje, kiti cha Kyule kililia.

"Mwaitu, mama yangu, si wewe," nikasema. "Ni mama wa hadithi."

"Amevaa leso yangu."

Kyule alikuwa ameichora leso ile ua kwa ua. Mama akafunua ukurasa mwingine, na mwingine, akirudi nyuma. "Wanaagana, halafu wanakula, halafu wanalala, halafu joka anautapika mto. Hawa watu wanaishi kinyumenyume."

Nikamgeuzia kurasa, nikamwonyesha pa kuanzia. Akasoma upya. Nilisimama pale nikimkodolea macho usoni ili nisikose kitu, na uso haukuniambia lolote. Alipofika tena mwisho, akaweka kidole kwenye kiputo cha maneno.

"'Nenda mwanangu, ujasiri umo moyoni mwako.' Nani huongea hivyo?"

"Huyo mama."

"Mimi niliwahi kukwambia hivyo?"

"Hapana."

"Nilikwambia nini siku ulipoolewa, ukiingia kwenye gari?"

Nilikumbuka vizuri. "Uliniuliza kama nimebeba sweta."

"Na ulikuwa umebeba?"

"La."

"Haya."

Damu ilinichemka, na sababu ilikuwa wazi: kiputo kile ni changu. Uso ulikuwa wa Kyule, lakini maneno ya sanamu niliyaandika mimi, na mkumbatio pia niliuandika mimi, mtu niliyezaliwa katika nyumba ile ile. Nilitaka mama wa kupendeza wageni. Lakini mtu akishapandwa na hasira hasemi hayo. Nilisema kwamba yeye hajawahi kuithamini kazi yetu, kwamba nafasi yetu inaisha Jumatatu, na kwamba kama angekuwa anacheka hata mara moja mbele ya kamera tusingefika hapo.

"Punguza sauti," mama akasema. "Kelele hizo sijui ulitoa wapi."

Nje, mtu alikohoa kwa namna ya kuficha kicheko. Nikatoka kwenda kumshughulikia.

* * *

Kyule alikuwa akitazama chini, kama anavyofanya kila tunapokuwa Mbooni.

"Unajua mama yako anataka nini?" aliniuliza kabla sijafungua kinywa.

"Anataka tuache upuzi."

"Zii. Anataka tukae."

"Wapi?"

"Hapa. Hata kama ni saa moja. Unakumbuka chaja yako ilipotea Krismasi?"

"Ilikuwa chini ya karai. Mama husahau vitu."

"Hakusahau. Niliona mkono wake ukiiweka hapo. Na kiatu chako cha Pasaka, pia niliona. Kila tukitaka kutoka, kitu chako kinapotea. Mnatafuta mpaka chai inaiva, tunakunywa, halafu anakuja kukipata yeye mwenyewe."

Nilimtazama yule mwanamume nisiamini. "Na hukuniambia!"

"Ningesemaje? Kwamba mimi hukaa hapa naangalia mikono ya mama mkwe?" Aliona haya kabisa, masikio yakamwiva. "Nthoni, Wayua. Lakini ukikatazwa uso, macho lazima yaende mahali."

Nilicheka, kisha kicheko kikanigeukia kikawa kilio. Nilikumbuka Krismasi ile. Nilikuwa nimesimama katikati ya jikoni nikimwambia mama kwamba nyumba yake haina mpango, kwamba siku moja atapoteza kichwa chake, na yeye alinisikiliza kimya huku akiniongezea sukari kwenye kikombe. Nilikuwa nimemkosea mama yangu kwa sababu sikumjua, na aliyemjua ni mtu ambaye hajawahi kumtazama.

"Hicho ndicho Hasina anataka," nikasema nilipojifuta. "Lete karatasi."

Tuliiandika upya pale chini ya ghala. Machozi yote tukayatoa, mkumbatio ukaenda, ujasiri wa moyoni ukaenda. Ni asubuhi, na Ndila hapati ndala yake moja. Mama yake anamsaidia kutafuta, anainama chini ya kitanda, anamsuta kwamba hana mpango. Halafu kuna fremu moja ndogo isiyo na maneno: mkono umelikandamiza karai. Fremu inayofuata, Mwau anatazama chini, kama mkwe anavyopaswa, na ameuona mkono. Hasemi kitu. Kisha nje punda wa jirani wanapita, wanakwenda mbali kutafuta maji kwa sababu joka ameumeza mto, na mama anasikia kwato zao. Anakumbuka safari ni ya nini. Anaitoa ndala mwenyewe, anapiga goti, anamvalisha binti yake. "Umebeba sweta?"

"Katika kurasa zote hizo uso wake usionekane," Kyule alisema, na sasa maneno yalikuwa yakimtoka haraka. "Mlango umemkata, leso imemfunika, mvuke wa chai uko mbele. Msomaji ataanza kuutafuta. Halafu Ndila akiwa mbali kwenye matuta anageuka. Hapo ndipo tunauona."

"Vizuri!"

"Si vizuri. Hapo sasa ndipo nimekwama."

"Basi usiuchore. Mwache na leso yake."

"Ukimngojesha mtu hivyo lazima umpe. Ama atajua ulikuwa unaogopa."

Nikaanza kumsomea Kyule uso wa mama kama nilivyoahidi, nikiwa nimesimama mlangoni, jicho moja jikoni na jingine kwake. Paji pana. Mashavu yameingia. Macho makali. Alichora, akanionyesha, na kwenye karatasi alikuwa mwanamke anayetafutwa na polisi. Tukarudia, akatoka shangazi wa mtu mwingine. Mara ya tatu nilimwambia pua si hiyo, akaniuliza basi ni ipi, nikamwambia ni pua ya kawaida, akaniuliza ya kawaida ni ipi. Hapo nikafyatuka. Nilimwambia kila kitu, hadi habari za ng'ombe wa bucha.

"Kuku," mama akasema kutoka jikoni.

Tukamgeukia kuku. Alikuwa juu ya gunia, analala.

"Mwambie mchoraji asihangaike. Akitaka uso wangu, amtazame huyo anayempigia kelele mlangoni. Amwongezee miaka, basi."

Kyule akainua macho. Kila akiwa Mbooni huwa ameyashusha, hata kwangu, kwa mazoea. Sasa aliyainua akanitazama, nami nikajiona: mkono kiunoni, kidevu mbele, kitambaa kimelegea kichwani. Mtoto wa nyoka ni nyoka, watu husema, na mimi msemo huo nimeukataa tangu nikiwa msichana. Nilikwenda mbali na mlima huu ili niseme mimi si yeye. Nikashusha mkono kutoka kiunoni.

"Rudisha," Kyule akasema. "Tulia hapo hapo."

Alichora muda mrefu. Kalamu ilikuwa ikikwaruza karatasi na jikoni hakukuwa na sauti, hata ya kijiko. Kisha akasimamisha mkono.

"Hasira nimeipata. Sasa nataka kile kiko chini yake."

"Chini yake hakuna kitu."

"Kipo. Mbona ulinifokea siku ya Alhamisi?"

Nilimkumbuka tu akiniambia kwa ile sauti ya chini kwamba ataiweka kalamu, nikaona meza yake ikiwa haina wino, na yeye akienda kila asubuhi kuchora ng'ombe wanaotabasamu, asilalamike kamwe. Uso wangu ulifanya nini sijui. Najua tu kwamba kalamu ilianza kukimbia.

* * *

Jumapili tulikwenda kanisani, na mvua ya usiku ilikuwa imegeuza njia kuwa tope. Tuliporudi Kyule alivua viatu akaviegemeza kwenye ukuta vikauke, akakaa kumalizia wino. Mimi nilisimama juu ya jiwe la tangi la maji, mahali pekee panaposhika mtandao, nikapiga picha za kurasa na kumtumia Hasina. Picha ya kwanza ilitoka na ukungu, nikairudia.

Kisha nikaupeleka ukurasa wa mwisho jikoni.

Mama alifuta mikono kwenye leso, kila kidole, kabla ya kuushika. Aliuangalia. Mwanamke alikuwa amesimama mlangoni, mkono kiunoni, ana hasira na dunia nzima, na mtoto yeyote angeona kwamba hasira ile ilikuwa ni mtu anayeomba usiende. Alikuwa yeye. Alikuwa mimi. Mama alipitisha kidole pembeni mwa karatasi, asiguse wino, halafu akageuka mlangoni kumtafuta kuku kwa mazoea.

Hakuwepo. Asubuhi ile, kabla ya kanisa, alikuwa amechinjwa kwa heshima ya mkwe.

Mama akafikiri. Akaenda kwenye jiko la gesi, akafunua sufuria.

"Mwambie mchoraji," aliuambia mchuzi, "pua ameizidisha."

Akafunika, akajifuta macho kwa pindo la leso, akasema ni moshi. Tangu lini gesi ikatoa moshi? Lakini sikumuuliza. Nilisimama karibu naye mpaka moshi wake ukaisha.

Ujumbe wa Hasina uliingia tukiwa tunakula, Kyule nje na sisi ndani. "Huyu mama namwamini," aliandika. "Nimempigia simu mama yangu. Mtaingia mwezi ujao." Nilitoka nikampa Kyule simu. Akasoma, akairudisha, akamega ugali. Akakaa nao mkononi muda, asile. Kisha akaniuliza kama kuna karatasi zimebaki.

Jua lilipoanza kushuka upande wa Machakos tukafunga mizigo. Nilikagua vitu vyangu kimoja kimoja, kwa kuwa sasa nilijua: chaja ipo, viatu vipo, sweta ipo. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Sitaficha, niliumia kidogo.

"Wayua," Kyule akaniita, amesimama na soksi kwenye simenti. "Kiatu changu kimoja hakiko."

Katika miaka yote ile, kitu chake hakikuwahi kupotea. Vilivyopotea vilikuwa vyangu, vya binti wa nyumba.

"Mwambie huyo mtu wako hana mpango!" mama akapaza sauti kutoka jikoni, na akaanza kutafuta kwa bidii nyingi, anainua magunia, anafungua kabati la vikombe. Karai lilikuwa limepinduliwa kando ya mlango, na kila alipolipita aliliwekea mkono.

Kyule alikuwa akitazama chini, kama mkwe anavyopaswa. Aliona alichoona. Akarudi kwenye kiti chake chini ya ghala, akaketi, akanyoosha miguu.

"Si tungoje tu chai iive," alisema.

Nikaenda kuweka maji motoni.